Draiva za virtio-win kutoka sava za Fedora: uzoefu wangu

Kama unaendesha Windows ndani ya KVM, yaani mfumo wa Linux wa kuendesha kompyuta pepe (VM), basi virtio-win, zile draiva za virtio za Windows, utakutana nazo tu, hamna namna. Linux yenyewe haina hiyo shida, virtio (njia ya VM kuongea na diski na mtandao inaopewa) imo ndani ya keneli, moyo wa mfumo, tangu 2.6.24 ya mwaka 2008, unawasha VM na diski inaonekana na mtandao unashika. Windows haiji na hizo draiva kabisa. Ukiipa diski ya virtio ukaanza kuinstoli, inafika pale pa kuchagua diski unakuta orodha tupu, na mtu mgeni anadhani VM imeharibika wakati kila kitu kiko sawa ila Windows haijui kuongea na hiyo diski. Hapo ndo unahitaji ile ISO (faili la CD) ya virtio-win, na inakaa kwenye fedorapeople, sava za mradi wa Fedora, Linux ya bure. Draiva zenyewe zimeshaongelewa sana, mi nataka kuongelea hiyo huduma ya kuzitunza na kuzigawa, maana naitegemea kila wakati na naona haipewi heshima yake.

Mpangilio wake ni wa kawaida sana, folda tu. Kuna stable-virtio, kuna latest-virtio, halafu archive-virtio. Stable ni zile bildi (draiva zilizojengwa tayari) ambazo zimeshaingia kwenye RHEL, Linux ya kulipia ya Red Hat, kwahiyo zimepimwa zaidi, latest ni mpya na unaweza kukutana na kasoro, na archive ndo stoo ya vesheni za nyuma, kila moja na folda yake yenye namba. Kilichonifurahisha zaidi ni kwamba linki ya stable haibadiliki, faili linaitwa virtio-win.iso tu, bildi ikipanda linki inabaki ileile na inakupeleka kwenye vesheni husika. Skripti yangu ya kutengeneza VM inavuta hapo moja kwa moja na sijawahi kulazimika kuigusa kwa sababu ya linki kufa. Hakuna kujisajili, hakuna kuombwa imeili, hakuna kitufe cha uongo cha kudanlodi kinachokupeleka kwenye tangazo.

Archive ndo naipenda kuliko vyote. Bildi mpya huwa zinaacha Windows za zamani, na watu bado wana mashine za zamani zinazoendesha programu moja ambayo haiwezi kuhamishwa, sasa hao bila vesheni ya zamani wanafanyaje? Na hata kwenye Windows mpya, draiva ya diski ikiwa na kasoro siyo sawa na programu ya kawaida kugoma, hapa unaongelea data kuharibika au VM kuganda katikati ya kazi, kwahiyo lazima uweze kurudi nyuma kwenye bildi unayoijua na uipate kutoka palepale ulipopata ile mpya, siyo kuanza kuokoteza kwa watu.

Kuokoteza nimeshaona matokeo yake. Niliwahi kupewa mashine niiangalie, aliyeitengeneza alichukua draiva kwenye saiti moja ya draiva za bure zile zinazokusanya kila kitu, na wakati ule inavyoonekana ndo ilikuwa ya kwanza kutokea alipotafuta. Faili lilikuwa limefungwa ndani ya instola yao yenyewe, na nilipofungua sifa za faili la .sys, yaani draiva yenyewe, kuangalia saini ya kidijitali, saini haikuwepo kabisa. Leseni ya virtio-win ni BSD, mtu yeyote anaruhusiwa kuisambaza tena, hilo halina ubishi, lakini draiva inaingia ndani kabisa kwenye keneli ya Windows na huko ina mamlaka yote. Nilizitoa zote nikaanza upya.

Na hapa ndo kwenye kiini chenyewe. Watu wanasema kodi si iko wazi GitHub, chukua ujijengee. Sawa, iko wazi, ila kuijenga unahitaji Visual Studio na WDK, zana za Microsoft za kutengenezea draiva, na ukishamaliza kuijenga Windows ya biti 64 bado haiikubali bila saini, hiyo kanuni ipo tangu Vista, na kuanzia Windows 10 vesheni 1607 Microsoft wakakaza zaidi wakataka draiva mpya za keneli zipite kwenye mfumo wao wa kusaini. Mtu wa kawaida ataishia kuwasha modi ya majaribio, inayoruhusu draiva zisizo na saini rasmi, ambayo hutaki iwe kwenye mashine ya kazi. Kwahiyo kwa Windows, kodi kuwa huria haikufikishi popote kama hakuna mtu wa kuijenga, kuisaini na kuiweka mahali panapoaminika miaka nenda miaka rudi. Ndo maana pia haimo kwenye repo kuu (stoo ya programu) ya Fedora, kule kila kitu kinatakiwa kujengwa kwa zana zao huria na hii haijengeki hivyo, wakaamua kuiweka pembeni lakini waendelee kuitoa. Naona walifanya jambo la maana sana.

Kitu cha kujua mapema: bildi hizi za bure zina saini ya Red Hat lakini hazina cheti cha WHQL, yaani cha kupimwa na kupitishwa na Microsoft, kwahiyo kwenye baadhi ya vesheni za Windows ukiwasha Secure Boot (kinga inayokagua saini wakati wa kuwaka) zinaweza kukataliwa. Zenye WHQL zinakuja na usajili wa RHEL. Kama kazi yako inakulazimisha Secure Boot, pima kwanza kwenye VM ya pembeni kabla hujaahidi mtu kitu.

Halafu ukurasa ni orodha ya mafolda, haukufundishi, na ndani ya ISO kuna majina ambayo mgeni yanamchanganya. viostor ni ya diski ya virtio ya kawaida, vioscsi ni ya kontrola ya virtio SCSI, ukichagua isiyo yake orodha ya diski itabaki tupu vilevile. NetKVM ni mtandao, Balloon ni memori. Ndani ya kila moja unachagua Windows yako kama w10 au 2k22, halafu amd64. Kama Windows ilishainstoliwa tayari na diski ya IDE au SATA (aina za kawaida), usiibadilishe ghafla kuwa virtio utakutana na skrini ya bluu ya INACCESSIBLE_BOOT_DEVICE, ongeza kwanza kadiski kadogo ka virtio pembeni, buti, weka draiva, hakikisha kadiski kanaonekana, ndo uhamishe diski kuu.

Mimi natumia stable kwenye kila kitu cha kazi na naandika namba ya bildi kwenye maelezo ya VM. Kama hosti yako (mashine inayobeba VM) ni Fedora kuna repo yao ya virtio-win, unaiongeza, unainstoli pakiti, na ISO unaikuta /usr/share/virtio-win tayari kuichomeka kama CD, na apdeti zinakuja zenyewe pamoja na za mfumo.