Kitabu cha kusikiliza kuhusu watu-nyoka: nyota tatu, ya nne naibana

Nimekimaliza jana saa tisa usiku, taa zimezimwa. Usiniige. Msomaji anaburuta herufi "s" kila anapomtaja nyoka, na fundi wa sauti akaongezea mlio wa kitu kinachotambaa. Mara ya kwanza nilisisimka. Kufika sura ya nne nilikuwa nacheka. Ya saba nikapunguza sauti.

Nilikinunua kwa ajili ya mijusi-watu wa kwenye filamu, ila kilichonishika ni sura za mwanzo. Cecrops, mfalme wa kwanza wa Athens katika masimulizi ya Wagiriki, alikuwa nyoka toka kiunoni kwenda chini, wala hawakumkimbia. Walisema ndiye aliyewafundisha kufunga ndoa na kuzika maiti. Nüwa, mungu wa kike wa Wachina, naye ana mkia wa nyoka, aliwafinyanga watu kwa udongo wa manjano, na mbingu zilipopasuka akaziziba kwa mawe ya rangi tano. Halafu Mucalinda, mfalme wa nyoka, aliyetanua shingo juu ya kichwa cha Buddha kumkinga mvua siku saba. Hapo nilirudia mara mbili. Hata msomaji alijisahau, hakuburuta "s".

Sasa lalamiko. Kutoka kwa wazee hao wa heshima kitabu kinaruka moja kwa moja hadi majitu yanayovaa sura za watu, kana kwamba wote ni ukoo mmoja. Kweli, hata zamani walikuwepo waliojificha: Mélusine, mwanamke wa hadithi za Ufaransa anayegeuka nyoka toka kiunoni kwenda chini kila Jumamosi, alimkataza mumewe asimwone siku hiyo. Lakini yeye alificha siri ya mwili wake, hakuwa akiviziavizia kiti cha enzi cha mtu. Wavizia viti unawakuta mwaka 1929, katika hadithi ya Robert E. Howard kwenye jarida la Weird Tales: watu-nyoka wanajigeuza watu wa ikulu, na kuwaumbua kunahitaji maneno ambayo taya la nyoka haliwezi kuyatamka. Utamu wote huo umepewa sentensi mbili! Mwaka 1983 televisheni ya Marekani ikaleta wageni wa angani wenye magamba chini ya ngozi ya bandia, wanaomeza panya wazima wazima. Toka hapo hadi kwa wanaoapa kwamba viongozi wa dunia ni mijusi si mbali, na safari hiyo ndiyo niliyolipia.

Badala yake tunapewa karibu dakika 40 za South Carolina mwaka 1988, kijana aliyesema kiumbe cha kijani kilimvamia akitoka kubadilisha tairi karibu na kinamasi. Inasisimua, sikatai. Lakini dakika 40?

Na ile sanamu ya mwaka 1982 ya kuwaziwa na Dale Russell, mwanasayansi wa dinosaria, dinosaria mwenye vidole vitatu anayesimama kama mtu, inasomwa kwa sauti ya "mnaona sasa!" Russell alikuwa akijiuliza tu: dinosaria mdogo mwenye ubongo mkubwa angekuwaje kama wasingetoweka? Hakudai kwamba yupo.

Sikilizeni sura tano za kwanza, ya tisa irukeni. Kwenye programu sura hazina majina, ni namba tupu, kwa hiyo anayemtafuta Nüwa aende ya tatu, dakika ya 12 hivi.