Makumbusho ya Karen Blixen, Nairobi: nendeni muone nyumba, filamu wachaneni nayo

Ukiambia watu twende kwa Karen Blixen, yule mwandishi wa Denmark aliyekuwa na shamba hapa Nairobi, wanafikiria ni mambo ya mapenzi ya wazungu na ile filamu ya Hollywood ya 1985 kuhusu maisha yake, Out of Africa, na ukweli ni kwamba wageni wengi wanaoshushwa pale na mabasi ya utalii wamefuata hiyo tu. Filamu yenyewe hata haikupigwa ndani ya hii nyumba, walitumia ingine hapo karibu. Mimi naipendekeza kwa sababu tofauti kabisa, hii ni nyumba ya shamba la kahawa ya 1912 na bado imesimama pale pale ilipojengwa, na kwa hii Nairobi yetu ya kubomoa kila kitu ndio tupandishe apatimenti sijui utapata wapi ingine ya aina hiyo yenye unaweza kulipa tiketi ukaingia mpaka chumba cha kulala.

Aliyeijenga si Karen. Ni injinia Mswidi, Åke Sjögren, halafu Karen na mumewe Bror wakahamia 1917 wakati shamba lao lilikuwa karibu ekari 4,500, lakini kahawa ilikuwa kama ekari 600 hivi, zingine zote ni msitu, malisho na mashamba ya maskwota, yaani Waafrika walioishi kwa shamba wakilipa kwa kazi.

Sasa nyumba. Si kasri, usiende ukitarajia kasri. Ni bangalo ya kawaida, kuta za mawe ya kijivu, paa la vigae vyekundu, veranda, na ukisimama nje unaona vilima vya Ngong, hapo unaelewa mara moja kwa nini mtu alichagua kuijenga mahali pale. Ndani vyumba vingine vimepigwa mbao ukutani kwa hivyo mwanga ni mdogo, na kuna mahali pa kuwasha moto, na kama umewahi kulala huu mtaa wa Karen mwezi wa saba huwezi kuuliza ni ya nini, kule ni juu, zaidi ya futi 6,000, baridi si ya mchezo. Huo huo urefu ndio ulimaliza kahawa. Udongo una asidi, mvua haitoshi, na 1923 kiwanda kikaungua, kwa hivyo nyumba ilikuwa inapendeza lakini shamba lililotakiwa kuilipia lilikuwa linakula hasara tu kila mwaka.

Jikoni usipitie haraka. Liko nje, jengo la peke yake, kama nyumba nyingi za walowezi wakati huo, moshi na hatari ya moto vikae mbali na sebule, na wapishi pia wakae mbali, tuseme tu ukweli. Kuna jiko la chuma la kuni la Dover kama lile lililotumika, na hapo ndio Kamante, kijana Mkikuyu, alikuwa anapika vyakula vya kizungu mpaka sifa zikaenea. Ukitoka hapo tembea mpaka kwa mashine za zamani za kahawa zilizobaki kwa kiwanja, wengi hawafiki huko wanabaki wakipiga selfi kwa nyasi, na bila hizo mashine hiyo nyumba inakaa tu kama nyumba ya mtu tajiri, unasahau ilikuwa kazi.

Kuhusu vile ilipona, hapa ndio kuna stori yenyewe. 1931 kampuni iliyomiliki shamba ikauza kila kitu na ardhi ikakatwa ploti, ndio mtaa wa Karen ukaanza, na nyumba ikapita kwa wenyewe wengine mpaka 1964 serikali ya Denmark ikaipatia Kenya kama zawadi ya uhuru. Ikatumika kwa chuo kwanza! Ni 1986, filamu ikishatoka na watalii wanauliza iko wapi, ndio ikafunguliwa kama makumbusho chini ya National Museums of Kenya. Kwa hivyo hata mimi ninayeisema filamu vibaya lazima nikubali iliokoa paa. Lakini si njia ya kutunza urithi hiyo, kungoja Hollywood. Tuko na sheria ya makumbusho na urithi ya 2006, inaruhusu jengo litangazwe na lilindwe, na ziko nyumba za mawe na mabati huko Limuru na Njoro ambazo hazina filamu wala ubalozi wa kuzililia.

Kitu ambacho mawe hayakuonyeshi ni upande ule mwingine wa shamba. Maskwota walikuwa wanafanyia mwenye shamba kazi siku 180 kwa mwaka ndio waruhusiwe kuishi na kulima kwa ardhi ambayo wengi wao waliona ni ya babu zao, na nyumba zao zilikuwa za udongo na nyasi, hazingeweza kudumu miaka mia. Za mawe ndizo zinabaki, halafu tunasema hiyo ndio historia. Mimi ningejenga boma moja hapo kwa kiwanja, la kipimo kamili, ili mtoto wa shule atembee kutoka kitanda cha Karen mpaka kitanda cha aliyemchumia kahawa aone mwenyewe. Nafasi iko.

Naipa nyota nne. Chukua anayetembeza wageni, usijizungushe peke yako, na muulize maswali ya nyumba (vigae, mbao, maji yalitoka wapi) maana usipouliza utapewa Denys Finch Hatton, mpenzi wa Karen, na ndege yake kuanzia mlangoni. Malipo ni eCitizen, ule mtandao wa serikali, kwa hivyo simu iwe na chaji, mkenya analipa kidogo kuliko mgeni, beba kitambulisho. Nenda asubuhi siku ya wiki kabla mabasi hayajafika, na kama unaenda na watoto bebeni sweta.