Pac-Man wa Berkeley: Tazama Akili Bandia Inavyotafuta Njia

Mambo vipi wadau, karibuni tena kwenye chaneli. Leo mezani hakuna simu wala spika. Nina mradi wa Pac-Man wa Chuo Kikuu cha California, Berkeley, ule wanaofundishia akili bandia kwenye somo la CS188, na jamani, nimeupenda! Pac-Man mwenyewe mnamjua, yupo tangu 1980, kwa hiyo tusonge. Ila humu hakuna kubonyeza mishale. Unaandika msimbo wa Python, yeye anatafuta njia kwenye mzingile.

Sasa angalieni skrini, na hapa msiruke. Nafungua mzingile uitwao mediumMaze, natumia utafutaji wa kina kwanza, yaani kushika korido moja hadi mwisho kabla ya kujaribu nyingine. Mnaiona hiyo rangi nyekundu? Kila mraba uliochunguzwa umepakwa. Nyekundu kali ndiko alikoanzia, iliyofifia ndiko alikomalizia. Fuateni kidole changu: korido hii kaizamia hadi mwisho, ile ya pembeni ni nyeusi tii, hajaigusa. Njia aliyoleta ina hatua 130. Kafika, lakini kazunguka mno.

Nabadilisha, upana kwanza. Kwenye msimbo wazo ni lilelile, ila badala ya rundo, ambalo cha mwisho kuingia hutoka kwanza, unatumia foleni, ambayo cha kwanza kuingia hutoka kwanza. Oneni wekundu ulivyotambaa pande zote kama maji yaliyomwagika sakafuni. Hatua 68! Mzingile uleule! Na hakuna njia fupi kuliko hiyo, kwa sababu anamaliza miraba yote ya karibu kabla ya kwenda ya mbali. Lakini tazameni vizuri: nyekundu imekuwa nyingi zaidi. Njia fupi kailipia kwa kuchunguza sana. Hilo kwenye kitabu utalisoma na kulisahau, hapa unaliona kwa macho.

Sasa A*, mbinu nyingine ya kutafuta njia, ya Hart, Nilsson na Raphael, 1968. Hii inajumlisha hatua ulizokwisha kupiga na makisio ya zilizobaki. Nilikuja hapa nikitaka kuitangaza bingwa. Ila kwenye mzingile mkubwa wa bigMaze, bila makisio inachunguzwa miraba kama 620, na kwa A* ni kama 549. Mlitarajia pengo kubwa, sivyo? Makisio haya ya Manhattan hayazioni kuta. Yanahesabu tu umbali wa juu-chini na kushoto-kulia, kwa hiyo kuta zikijaa yanakosa nguvu. Bado naipenda, ila nusu ya kazi ni kupata makisio mazuri.

Kinachoniudhi ni mizuka. Kwenye mizingile hii miwili niliyowaonyesha hawapo, kazi yao hasa iko mradi wa pili. Pac-Man bila kufukuzwa anapoa, bwana.

Mtaniuliza kuhusu PathFinding.js. Ni nzuri, inafunguka kwenye kivinjari, unachora kuta mwenyewe na kuona utafutaji ukienda hatua kwa hatua. Kwa kuonja tu, anza nayo. Lakini pale unatazama, huandiki, na mimi nataka mikono ichafuke.

Bei ni bure, gharama yako ni bando la kupakulia. Video ijayo ni panya roboti wa mashindano ya Micromouse, wale wa mzingile wa 16 kwa 16, kwa hiyo jiunge na chaneli usipitwe. Na wewe wa Ubuntu, sakinisha python3-tk kwanza, la sivyo dirisha la mchezo halitafunguka.