Bendi ya shule: tarumbeta au ngoma?

Kila shule zinapofunguliwa hapa Bagamoyo, wazazi wanauliza: mtoto aanze na kipi?

Kwa gharama, ngoma haina mpinzani. Vijiti viwili na kandambili kuukuu juu ya kiti vinatosha kwa mazoezi ya nyumbani, na jirani hagongi mlango. Tarumbeta lazima uwe nayo mkononi, na wiki za mwanzo inalia kama mbuzi aliyefungiwa. Majirani wa uswahilini wanajua.

Matunzo ndiyo hasa. Pistoni zote tatu za tarumbeta, yaani vile vibonyezo vya vidole, zinataka mafuta, mate yamwagwe kila baada ya kupiga, na mirija ya kusogeza ikikosa grisi inaganda. Upepo wa chumvi haupendi shaba, kwa hiyo ifute kwa kitambaa kikavu kabla ya kufunga sanduku. Ngoma? Angalia kutu kwenye skrubu, basi.

Ila wimbo wenyewe unabebwa na tarumbeta, na mpigaji anazoea nota mapema.

Mtoto ambaye chombo atakiacha stoo ya shule, ngoma inamfaa. Anayeruhusiwa kwenda nacho nyumbani, na mwenye subira, ajaribu tarumbeta. Meno ya mbele yakiwa yanalegea, asubiri kwanza.