Kadi za taroti: anza na hizi, hizi baadaye, hizi achana nazo

Watu wananiuliza sana wanunue seti gani ya taroti, zile kadi za picha za kumsomea mtu mambo yake, na karibu wote wameshaona picha moja tu mtandaoni, ya Nyota au ya Mwezi, roho imeshapenda. Subiri kwanza. Seti nzima ni kadi 78, zile kubwa, kama hiyo Nyota na Mwezi, ni 22 na hizo kila mchoraji anazitolea jasho, ila zilizobaki 56, zinaitwa kadi ndogo, za vikombe, fimbo, panga na sarafu ndo zitakuja mezani mara nyingi ukianza kumsomea mtu. Kwahiyo kabla hujatoa hela omba kuonyeshwa Vikombe Vitano au Panga Sita, ukiletewa Nyota tena basi usiwe na haraka.

Namba moja kwangu ni seti iliyochorwa kwa brashi na msanii anayejitegemea, zote 78, na uinunue kwake mwenyewe. Yangu ni ya rangi za maji. Kwenye Panga Sita kuna mtu anapiga kasia, mama kajifunika, mtoto ubavuni, na panga sita zimechomekwa ndani ya mtumbwi. Ukisogeza jicho unaona kabisa brashi ilipopita, huku karibu na kasia maji yamekwaruzwa kwa brashi kavu, kule wanakoenda rangi imetandazwa laini mpaka weupe wa karatasi unatokeza. Nilimsomea dada mmoja wa Kirumba, Mwanza, kwao wavuvi, alikuwa anawaza ahamie Ukerewe au abaki mjini. Akaitazama muda mrefu, akauliza, "Mbona hawazing'oi hizo panga?" halafu akajijibu mwenyewe, "Wakizing'oa si maji yataingia." Sikuongeza neno, akaanza mwenyewe kuniambia madeni anayotaka kuondoka nayo. Picha ikichorwa vizuri mtu anajisoma, we unashika kadi tu.

Na kwa huku Kanda ya Ziwa niliseme hili wazi, serikali ilipiga marufuku wapiga ramli 2015 kwa sababu ramli chonganishi zilikuwa zinaua vikongwe na watu wenye ualbino. Mtu akikuuliza nani kamroga, funga kadi. Mi sisomi maswali ya hivyo hata anipe nini.

Namba mbili ni Rider-Waite, iliyotoka London 1909, na kama hujawahi kushika taroti kabisa basi kwako hii ndo ya kwanza. Mwandishi Waite alitoa maelekezo, aliyechora ni mwanamke, Pamela Colman Smith, na hata ule mtumbwi wa panga sita asili yake ni kwake. Kabla yake seti nyingi kadi ndogo zilikuwa na alama tu kama karata za kawaida, yeye akaweka watu wanaolia, wanaosafiri, wanaobeba mizigo, na vitabu vingi vya kujifunzia mpaka leo vinafuata picha zake. Alilipwa hela kidogo sana, akafariki 1951 hana mali, na jina la seti likabaki la wanaume wawili, mchapishaji na mwandishi. Inaniuma. Ndo maana nasisitiza hela ifike kwa aliyechora.

Namba tatu Thoth, ya Frieda Harris aliyoichora kwa miaka kama mitano kuanzia 1938 akiwa na Crowley, mwandishi wa mambo ya uchawi. Rangi zake nazipenda mno, shida kadi ndogo nyingi zimeandikwa neno la Kiingereza pale chini, mteja anasoma neno kabla hajaiona picha. Ya Marseille, ule mtindo wa zamani wa Ufaransa, naiweka nne, panga sita pale ni panga tu na ua katikati, inataka uzoefu.

Za kuachana nazo ni feki. Nilinunua kwenye duka moja la mtandaoni kwa bei poa, zikaja zimefifia, kingo zimekatwa ovyo, kijitabu hakuna, kuna QR code tu ya kuskani, na picha zilikuwa za msanii aliyeibiwa kazi yake. Tangu hapo naingia kwanza kwenye ukurasa wa msanii kuona nani anaruhusiwa kumuuzia.

Chagua zisizong'aa, maana Tanesco wakikata unasoma kwa tochi ya simu na kadi inayong'aa inarudisha mwanga machoni. Saizi ya kawaida ni kama sentimita 7 kwa 12, mwenye mikono midogo anapata tabu kuzichanga, ulizia ndogo. Usafirishaji nao muulize mapema, unaweza kukaribia bei ya kadi zenyewe, na ushuru juu. Zikifika, unyevu wa ziwa kipindi cha masika unazipinda vibaya, mi nazifunga kwenye kipande cha khanga, naweka kwenye kopo la bati na vile vipakiti vya kufyonza unyevu vinavyokujaga na viatu vipya.