Uzoefu wangu: Kipimo cha kuyumba kilichotueleza kwa nini mama alianguka

Mama alianguka koridoni usiku stima ilipopotea, akienda msalani. Namshukuru Mungu hakuvunjika mfupa, lakini tangu siku ile hakutaka kutoka nyumbani bila kushikwa mkono. Ana miaka 68, na ameishi na ugonjwa wa sukari miaka 14. Sisi wote tulisema ni presha. Ikapimwa amelala, ikapimwa amesimama, ikawa sawa. Ndipo daktari wake akatuelekeza kwa mtaalamu wa fiziotherapia mwenye mashine ya kupima mtu anavyoyumba, huko Upper Hill, Nairobi.

Kutoka Umoja tulibadilisha matatu mjini, na kipimo tukalipia shilingi 3,500. Mashine yenyewe ni ubao bapa, kama mizani ya kupimia uzito, wenye vihisi kwenye pembe. Kila kihisi kinapima mguu unavyokandamiza, kisha kompyuta inatafuta mahali uzito ulipoelemea na kuchora njia yake. Hakuna mtu anayesimama tuli kabisa. Hata kijana mwenye afya anayumba kidogo kidogo, na ubongo unamrudisha kwa habari za macho, za sikio la ndani na za nyayo.

"Mama, vua viatu, utazame lile doa ukutani," yule dada mtaalamu akamwambia, akasimama nyuma yake karibu kabisa. Sekunde 30 macho wazi: mstari wa sentimita 48. Sekunde 30 macho yamefumbwa: sentimita 117. Niliona ule mstari ukijisokota kwenye skrini kama uzi uliomponyoka fundi, nikaingiwa na hofu. Juu ya sponji nene, macho wazi, alijitahidi. Alipofumba macho hapo hapo kwenye sponji, hakufika sekunde 10, akadakwa.

Maelezo yaliyofuata ndiyo yaliyonifanya niandike haya. Dada alimgusa nyayo kwa uzi wa plastiki unaosukuma kwa nguvu ya gramu 10, ule wa kliniki za sukari, na sehemu nyingi mama hakuuhisi. Miguu yake haimpi habari za kutosha, kwa hiyo macho ndiyo yanayomshikilia. Stima ikipotea, macho nayo yanapotea. Kisha akamuuliza: "Ukinawa uso, unashika ukuta?" Mama akanigeukia kwa mshangao. Anashika, na hakuwahi kumwambia mtu. Kumbe jambo hili lilijulikana zamani: daktari Mjerumani, Moritz Romberg, aliandika katika miaka ya 1840 kuhusu wagonjwa waliopepesuka mara wanapofumba macho.

Akapewa mazoezi: kusimama mbele ya sinki la jikoni akiwa na kiti nyuma yake, kuhamisha uzito mguu hadi mguu, kuinuka kitini bila kutumia mikono. Tukaweka taa ya kuchaji koridoni, na stuli bafuni.

Baada ya wiki 8 tulirudi, na hapa nina lalamiko. Tulimkuta mhudumu mwingine. Alimpandisha mama na viatu vyake, miguu imetanuka, akapima mara moja tu. Macho yamefumbwa: sentimita 79. Mama alifurahi sana, na iliniuma kumkatiza. Lakini siku ya kwanza nilikuwa nimepiga picha ya nyayo zake juu ya ubao, na hazikuwa zimekaa vile. Ukitanua miguu, kuyumba kunapungua hata kama hujapona chochote. Niliomba arudie, viatu vimevuliwa, nyayo mahali pale pale. Ikawa 96.

Hiyo 96 ndiyo ninayoiamini, na ni nafuu ya kweli. Hata hivyo, kipimo cha mara moja hubadilika kwa uchovu au kwa maneno mawili ya kuongea; ningependa wapime mara tatu wachukue wastani, na wachore alama za nyayo kwenye ubao. Kwa pesa ile, si kuomba makubwa. Mkanda wa kumshikilia mgonjwa pia haukuwepo, ni mikono ya mtu tu.

Ukimpeleka mzazi wako, nenda naye asubuhi kabla hajachoka, uombe karatasi yenye ile michoro, maana daktari wetu wa sukari aliitazama kwa makini kuliko maelezo yangu yote. Sisi tunarudi mwezi ujao. Picha ya nyayo bado ninayo kwenye simu, na mama ameanza kwenda dukani peke yake, mchana.