Samaki wadogo wa maji ya chumvichumvi: yupi umnunulie tangi la nyumbani

Samaki wa maji ya chumvichumvi, yale ya mikokoni mto unapokutana na bahari, wanaofaa tangi la lita 60 hadi 100 ni wachache. Nimewapanga kwa mambo mawili: atafikia ukubwa gani, na atakula nini. Rangi ya dukani siihesabu.

Wa kwanza ni moli. Asili yake ni Mexico na Amerika ya Kati, huzaa watoto hai, hula chakula kikavu na mwani unaoota kwenye kioo. Anayeanza aanze naye. Chukua dume mmoja kwa majike wawili au watatu, la sivyo dume atawachosha kwa kuwafukuza.

Wa pili, na ndiye nimpendaye kuliko wote, ni gobi nyuki wa Kusini-Mashariki mwa Asia. Hazidi sentimita 4, wa njano mwenye mikanda myeusi, na hujibandika kwenye kioo kwa mapezi ya tumboni yaliyoungana kama kikombe. Kilichomshusha ni chakula tu. Wengi wao hawagusi chakula kikavu. Wanataka kinachocheza: artemia wachanga (vijidudu vya maji ya chumvi jamii ya kamba), viluwiluwi vya mbu. Kwa hiyo mwombe muuzaji awalishe ukiwa umesimama hapo hapo. Mwenye tumbo lililobonyea, asiyegeuka chakula kinaposhuka, mwache hata akiuzwa bei ya kutupa. Nunua sita au zaidi, na uwawekee makombe matupu ya konokono ili kila dume apate pango lake.

Wa tatu ni bunju namba nane. Hufika sentimita 8 hivi na humfuata mtu kwa macho kutoka ndani ya kioo. Ila meno yake hayaachi kuota, lazima atafune konokono na magamba yao, na huwang'ata wenzake mapezi. Mweke peke yake. Kama huna pa kupata konokono kila wiki, usimchukue.

Samaki waitwao mono na skati usinunue kabisa. Huuzwa wakiwa wadogo kama sarafu, lakini mono hupita sentimita 20, skati 30, na wakikua hutaka maji yanayokaribia ya bahari yenyewe.

Kabla ya samaki, nunua chumvi na haidromita, yaani kifaa cha kupimia chumvi iliyomo majini. Chumvi ya mezani haina kalisi wala magnesi ya kutosha. Tafuta chumvi ya akwaria za baharini, gramu 7 hadi 9 kwa lita, kipimo kisome karibu 1.005. Aliye Dar es Salaam au Mombasa anaweza kuchanganya ndoo moja ya maji ya bahari, yaliyochotwa mbali na bandari na mitaro, na ndoo nne za maji ya bomba yaliyotolewa klorini. Muulize pia muuzaji samaki wake wamo katika chumvi kiasi gani, maana maduka mengi huwaweka kwenye maji yasiyo na chumvi. Ikiwa ndivyo, anza vivyo hivyo nyumbani, kisha pandisha kipimo kwa 0.002 kila wiki, ili hata bakteria wanaosafisha maji kwenye chujio wazoee.